Kabla Hujabonyeza "Lipa": Mwongozo Kamili wa Kupiga Hesabu ya Shanga na Nyuzi Unazoagiza kutoka Nje

Nafundisha kushona shanga kila Jumamosi hapa Mombasa, na haupiti mwezi bila mwanafunzi kuingia darasani na kifurushi mkononi, uso kaukunja. Bei aliyoiona kwenye simu ni hii, aliyolipa ni ile. "Mwalimu, nimeibiwa?" Nikimwomba daftari lake, nakuta amezidisha dola kwa shilingi, akajumlisha nauli, akapiga mstari chini.

Hapo ndipo wengi wanapokwama, na mimi nilikwama hapohapo. Vikuku vyangu vya kwanza vya shanga za Kijapani niliviuza miezi minne kwa furaha kubwa, kumbe kila kimoja kilikuwa kikinitoa fedha mfukoni.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeagiza kidogo kidogo: shanga, uzi wa kufumia, ndoano za kroshia, resini (ile kemikali ya majimaji inayoganda na kung'aa kama kioo) na vikorokoro vyake. Viwango nilivyotumia ni vya Kenya. Mlio Tanzania Bara, Uganda na Rwanda, hatua ni zilezile kwa kuwa sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ni moja. Wekeni VAT ya asilimia 18 na muulizie tozo nyingine za kwenu.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Mzani mdogo wa jikoni unaosoma gramu.
- Futi ya fundi cherehani.
- Daftari (la karatasi, si kumbukumbu ya simu, utaona sababu kwenye hatua ya mwisho).
- PIN yako ya KRA, Mamlaka ya Mapato ya Kenya. Bila hiyo mzigo unakwama hata kama fedha unazo.
- Kadi ya benki au kadi ya mtandaoni ya Visa inayotolewa ndani ya M-Pesa.
- Kitabu cha viwango vya ushuru vya Afrika Mashariki. Kinapatikana bure kwenye tovuti ya KRA. Ni kirefu kama msahafu, lakini utahitaji kurasa nne tu.

Hatua ya 1: Jua bei ya hapa nyumbani kwa gramu

Nenda duka unalonunulia siku zote. Nunua pakiti moja ya kile unachotaka kuagiza, au kinachokaribiana nacho. Rudi nyumbani uipime bila mfuko wake. Gawanya bei kwa gramu.

Sababu ni moja: bila namba hii hujui kama unachoagiza ni nafuu au ni ghali. Watu husema "huko Uchina ni bei ya bure" na hawajawahi kupima hata pakiti moja ya hapa. Pakiti nyingi za mjini hazina uzito ulioandikwa, ni kijiko tu cha muuzaji na mkono wake siku hiyo.

Umefaulu ukiwa na mstari kama huu daftarini: shanga za kioo namba 11, nyekundu, duka la mjini, shilingi kadhaa kwa gramu, na tarehe.

Hatua ya 2: Ivue bei ya muuzaji nguo zake

Bei ya kwanza unayoiona kwenye picha mara nyingi ni chambo. Imeandikwa "kuanzia", na ukibonyeza unakuta ile ya chini kabisa ni ya kichupa kitupu, au ya rangi moja isiyotakiwa na mtu. Chagua rangi na kiasi unachotaka hasa ndipo usome bei.

Kisha igeuze iwe kwa gramu, kama ya hatua ya kwanza. Hapa kuna mitego inayowanasa hata wazoefu.

Namba ya shanga ikipanda, shanga inapungua. Namba 11 ni ndogo kuliko namba 8, na namba 15 ni ndogo zaidi, karibu punje ya sukari. Mgeni anayeona 15 akadhani kubwa hupokea kitu ambacho sindano yake haipiti.

Gramu moja haina idadi ileile kwa kila aina. Shanga za mviringo za Miyuki, kampuni ya Kijapani, namba 11 huwa kama 110 kwa gramu. Delica za namba hiyohiyo, zile za kuta nyembamba zilizokatwa kama bomba, huwa karibu 200 kwa gramu. Kwa hiyo Delica ikiwa ghali kwa gramu, usikimbie. Hesabu kwa idadi ya shanga zitakazoingia kwenye kazi yako.

Shanga za Kicheki, zile ambazo wafumaji wa Kimaasai wamezizoea, huuzwa pia zikiwa zimetungwa kwenye mashada. Shada la namba 11 kwa kawaida lina nyuzi 12. Mwulize muuzaji shada lina gramu ngapi. Asipojua, nenda kwa mwingine.

Kwa uzi wa kufumia, gramu zinadanganya kuliko shanga. Vibonge viwili vya gramu 50, kimoja kinaweza kuwa na mita 100 na kingine mita 200. Kinachofuma shali ni mita. Gawanya bei kwa mita.

Umefaulu ukiweza kuziweka bei mbili, ya mjini na ya nje, kwa kipimo kimoja. Usifurahi bado.

Hatua ya 3: Tafuta uzito utakaolipia, maana huenda usiwe uzito wa mzigo

Kila mtoto ameulizwa kipi kizito, kilo ya pamba au kilo ya misumari. Kampuni za kusafirisha vifurushi kwa ndege zina jibu lao: pamba. Zinapima uzito wa kweli na pia uzito wa ujazo, kisha zinakutoza ule mkubwa.

Uzito wa ujazo hupatikana hivi: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5,000. Jibu ni kilo. Baadhi ya wasafirishaji hugawanya kwa 6,000, kwa hiyo uliza.

Chukua mfano wa vibonge 30 vya uzi, kila kimoja gramu 50. Uzito wa kweli ni kilo 1.5. Muuzaji akivitia kwenye boksi la sentimita 40 kwa 30 kwa 30, ujazo ni 36,000, na ukigawanya kwa 5,000 unapata kilo 7.2. Umenunua kilo moja na nusu ya uzi na umelipia nauli ya kilo saba na ushee za hewa ya Guangdong, huko Uchina.

Dawa yake ipo. Mwombe muuzaji aviweke kwenye mfuko wa kufyonza hewa na atumie boksi la kutosha tu. Boksi la 30 kwa 25 kwa 15 linatoa kilo 2.25. Wauzaji wengi watakubali ukiomba kabla ya kulipa, na wengi hawatajibu ukiomba baada ya kulipa.

Tahadhari: uzi wenye manyoya marefu au ule wa velveti usiufyonze hewa. Unalala na hausimami tena vizuri.

Kwa shanga, shida ni kinyume chake. Kioo ni kizito, boksi huwa dogo, kwa hiyo uzito wa kweli ndio unaotawala. Angalia ngazi za bei ya nauli. Wengi hupandisha kwa kila nusu kilo. Kifurushi cha gramu 520 kinalipiwa sawa na cha kilo nzima, kwa hiyo ama punguza pakiti moja, ama jaza mpaka karibu na kilo.

Umefaulu ukiwa na namba mbili, uzito wa kweli na wa ujazo, na umeizungushia duara ile kubwa.

Hatua ya 4: Chagua njia ya kusafirisha kwa gharama yake yote

*Posta.* Ndiyo rahisi kwa vifurushi vidogo, na ndiyo ya polepole. Soma namba ya kufuatilia: ina herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi ilikotoka, kama CN kwa Uchina au JP kwa Japani. Ikianza na R ni rejista, C ni kifurushi, E ni EMS, yaani posta ya haraka. Ikianza na U, kwa kawaida hakifuatiliwi mpaka mlangoni, na kikipotea huna pa kulilia. Gharama zilizojificha hapa ni ada ya posta ya kushughulikia kifurushi na ada ya kuhifadhi ukichelewa kukichukua. Kikaratasi cha posta kikifika, usikiweke nyuma ya kioo cha kabati. Nenda.

*Kampuni za haraka za vifurushi.* Zinafika kwa siku chache, na ndizo zinazowatia watu homa. Kampuni inakulipia ushuru ili mzigo usikwame, kisha inakudai ushuru huo pamoja na ada yake ya kukulipia. Ada hiyo mara nyingi ina kiwango cha chini kisichobadilika, kwa hiyo kifurushi cha dola 15 kinaweza kutozwa sawa na cha dola 150. Ndiyo maana kuagiza vifurushi vitano vidogo kwa wauzaji watano ni kulipa ada hiyo mara tano. Piga simu ofisi yao ya hapa kabla hujaagiza, uulize ada ya chini ni kiasi gani.

*Wakala wa kukusanya mizigo Uchina.* Anakupa anwani ya ghala lake, kwa kawaida Guangzhou au Yiwu, wewe unamwelekeza muuzaji huko, naye anaileta pamoja na mizigo ya wengine. Kwa ndege hutoza kwa kilo, kwa meli hutoza kwa ujazo, CBM, yaani mita za ujazo. Wengi hujumuisha ushuru kwenye bei ya kilo. Bei hii inaonekana tamu, lakini uliza maswali haya na upate majibu kwa maandishi: kiwango cha chini ni kilo ngapi? Ushuru na VAT vimo? Mnapima kwa uzito au kwa ujazo? Siku ngapi za kuhifadhi bure? Mzigo ukipotea mnalipa nini? Usisahau pia nauli ya kutoka kwa muuzaji mpaka ghalani huko huko Uchina. Na boksi lisipoandikwa alama yako, jina na simu, litakaa ghalani kama yatima.

*Ndugu aliye Marekani.* Wengi tulikuwa tukimwagizia shangazi au binamu kule, kisha anatuletea kwenye sanduku akija Desemba. Njia hii ilikuwa nafuu kwa sababu mzigo wa chini ya dola 800 uliingia Marekani bila ushuru. Msamaha huo uliondolewa kwa mizigo ya Uchina na Hong Kong tarehe 2 Mei 2025, na kwa nchi zote tarehe 29 Agosti 2025. Leo shanga za Japani zinazopitia kwa binamu zinaweza kutozwa kule kwanza. Ulaya nako, tangu tarehe 1 Julai 2021 hata kifurushi cha chini ya euro 22 kinalipiwa VAT. Ukimtuma mtu, anunue kitu ambacho tayari kiko kwenye duka la huko, na bei yenye kodi uione wewe mwenyewe.

Umefaulu ukiwa na jina la njia moja, nauli yake, na ada zake zote za pembeni.

Hatua ya 5: Toa kwenye kikapu vitu visivyopanda ndege

Hatua hii ni fupi, lakini kitu kimoja kinaweza kushikisha boksi zima. Wino wa alkoholi, rangi za kupuliza na viyeyusho ni vitu vinavyoshika moto. Haviruhusiwi kwenye vifurushi vya kawaida vya ndege. Resini na hasa kigumisho chake huhesabiwa hatari kulingana na kemikali zake. Taa ndogo zenye betri za lithiamu nazo zina masharti. Mbegu za kutungia mikufu zinahitaji kibali cha KEPHIS, shirika la Kenya la kukagua afya ya mimea. Matumbawe na baadhi ya makombe yanalindwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na sisi wa pwani tusijifanye hatujui.

Resini inunue hapa hapa. Nimefanya hesabu mara nyingi, haijawahi kunilipa kuiagiza.

Hatua ya 6: Piga hesabu ya ushuru mwenyewe

Hapa kaa chini, weka chai karibu.

Kwanza tafuta namba ya bidhaa kwenye kitabu cha ushuru. Shanga za kioo zimo kwenye kichwa 7018. Vitu vya plastiki, zikiwemo shanga nyingi za plastiki, huangukia 3926. Ndoano za kroshia na sindano za kufumia za chuma zimo 7319. Mapambo bandia yaliyokwisha kutengenezwa, kama bangili na hereni, yamo 7117.

Namba hizi zina fedha ndani yake. Viwango vya ushuru vya Jumuiya ni asilimia 0, 10, 25 na 35, hicho cha mwisho kikiwa kimeongezwa Julai 2022. Kwa jumla malighafi hukaa chini na bidhaa zilizokamilika hukaa juu. Muuzaji akiandika "mapambo ya mitindo" kwenye karatasi ya shanga zako ambazo hazijashonwa, amekuhamisha kutoka meza moja kwenda nyingine kwa maneno matatu.

Kisha fuata mpangilio huu:

Thamani ya CIF ni bei ya bidhaa, bima na nauli kwa pamoja. Ushuru wa forodha ni asilimia ya thamani hiyo. VAT ya Kenya ni asilimia 16 ya thamani ukijumlisha na ushuru. Yaani unalipa kodi juu ya kodi, usishangae. Ada ya tamko la uagizaji ni asilimia 2.5 ya thamani. Tozo ya reli ni asilimia 2 tangu mwisho wa Desemba 2024. Kabla ya hapo ilikuwa 1.5, kwa hiyo hesabu za zamani unazotumiwa na marafiki zimepitwa.

Tuchukue oda halisi ya aina ninayoagiza mimi: gramu 300 za shanga za Kijapani namba 11, dola 60, nauli dola 25, bila bima. Kwa urahisi tuseme dola ni shilingi 130. Kiwango cha ushuru nitaweka 25, kwa sababu napenda kushtuka nikiwa nyumbani kuliko mbele ya kaunta.

- Bidhaa: 60 × 130 = Sh 7,800
- Nauli: 25 × 130 = Sh 3,250
- Thamani ya CIF: Sh 11,050
- Ushuru, asilimia 25: Sh 2,762.50
- VAT, asilimia 16 ya Sh 13,812.50: Sh 2,210
- Ada ya tamko, asilimia 2.5: Sh 276.25
- Tozo ya reli, asilimia 2: Sh 221
- Jumla ya kodi: Sh 5,469.75

Angalia, kodi peke yake ni kama asilimia 70 ya bei ya shanga. Kisa ni kwamba nauli nayo imetozwa.

Hapa kuna jambo ambalo wachache hulijua. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, katika Jedwali la Nne, inasema mzigo ukija kwa ndege nauli isiongezwe kwenye thamani ya forodha. Mimi hupanga bajeti nikiwa nimeiweka, kama hapo juu, kisha nikipewa karatasi ya makadirio naangalia kama ushuru wa forodha umekokotolewa juu ya nauli ya ndege. Ikiwa ndivyo, nauliza kwa heshima na kwa kutaja jedwali. Afisa anajua. Wakati mwingine ni wakala aliyejaza haraka.

Tahadhari: usimwambie muuzaji aandike "zawadi" au dola tano. Forodha wanaweza kuikataa thamani hiyo na kukadiria yao, tamko la uongo ni kosa kisheria, na mzigo ukipotea fidia yako itakuwa ya zile dola tano.

Umefaulu ukiwa na jumla mbili, ya kiwango cha 10 na ya kiwango cha 25, na mfuko wako unaihimili ile kubwa.

Hatua ya 7: Hesabu gharama ya kulipa, kisha jumlisha yote

Kulipa kwenyewe kunagharimu. Benki haikuuzii dola kwa bei uliyoisoma kwenye habari. Jaribu na kitu cha dola 10: soma ujumbe wa makato, linganisha na bei ya dola ya Benki Kuu siku hiyo. Ukikatwa Sh 1,352 wakati dola kumi ni Sh 1,300, kadi yako inakula asilimia 4. Iandike, itakutumikia mwaka mzima.

Tovuti ikikuuliza ulipe kwa shilingi au kwa dola, chagua dola. Ile shilingi wanayokuonyesha imebadilishwa kwa kiwango chao, na haijawekwa hapo kwa kukuonea huruma.

Ukirudishiwa fedha, zinabadilishwa tena kwa kiwango kingine. Umepoteza kwenda na kurudi.

Na ule ujumbe wa "ongeza dola 12 upate nauli ya bure" uupitie kwa macho makavu. Dola 12 za vitu usivyovihitaji zitalipiwa ushuru na VAT kama vile unavyovihitaji.

Sasa jumla ya oda yetu, nikichukulia ada ya kampuni ya vifurushi ni Sh 1,500 na kukileta kutoka Nairobi ni Sh 300:

- CIF: Sh 11,050
- Makato ya kadi, asilimia 4: Sh 442
- Kodi zote: Sh 5,469.75
- Ada ya kampuni: Sh 1,500
- Usafiri wa ndani: Sh 300
- Jumla: Sh 18,761.75

Kwenye skrini kulikuwa na Sh 7,800. Gawanya kila moja kwa gramu 300: skrini inasema Sh 26 kwa gramu, meza yako inasema kama Sh 62.50. Rudi kwenye hatua ya kwanza, uweke hiyo ya pili kando ya bei ya mjini. Ikiwa duka la mjini lina kitu kilekile kwa 55, funga simu uende mjini.

Mara nyingine bado inalipa kuagiza. Kuna rangi ambazo hapa hazipatikani, na usawa wa shanga za Kijapani hauna mfano kwa kazi za mistari minyoofu. Sikatazi mtu kuagiza. Akubali 62.50 akiwa macho.

Hatua ya 8: Mwandikie muuzaji kabla ya kulipa

Mwulize mambo manne, na majibu uyapige picha ya skrini. Je, bei hii ina ushuru na VAT ya Kenya ndani yake? Ukiona herufi DDP, maana yake muuzaji anadai kulipa kodi hadi mlangoni. DAP maana yake kodi ni yako. Je, oda yote itakuja kwenye kifurushi kimoja? Uzito wa gramu ni wa shanga tupu au na vichupa? Je, ataandika kwenye ankara "shanga za kioo, hazijashonwa", namba 7018.10, na bei ya kweli?

Swali la pili lina uzito kuliko linavyoonekana. Mwanafunzi wangu mmoja aliagiza vitu tisa kwa siku moja kwenye soko moja la mtandaoni, vikaja kwa vifurushi vinne kwa wiki tatu tofauti, na kila kimoja kikadai ada yake. Vitu tisa vilikuwa vya wauzaji wanne, lakini ukurasa wa kulipia uliwaonyesha kama mmoja.

Umefaulu ukiwa na majibu manne ya wazi yaliyoandikwa. Jibu la "usijali rafiki" halihesabiwi.

Hatua ya 9: Kifurushi kikifika, kifungue kama mkaguzi

Washa kamera ya simu kabla ya kukata gundi, na usiizime mpaka kila pakiti imeonekana. Kurudisha shanga Japani au Uchina kunagharimu kuliko shanga zenyewe, kwa hiyo silaha yako ni video ya kudai fedha bila kurudisha mzigo.

Pima kila pakiti, kisha pima kichupa kitupu na ukitoe.

Kwa shanga za bei rahisi, mwaga gramu 10 juu ya kitambaa cheupe. Chagua zilizovunjika, zilizoziba tundu na zilizo nene kuliko wenzake. Pima ulizotupa. Zikiwa gramu moja na nusu, umepoteza asilimia 15, na gramu 300 zako ni 255. Gawanya jumla ya gharama kwa hizo 255.

Loweka shanga tano za kila rangi kwenye maji ya sabuni usiku mmoja, asubuhi uzisugue kwa kitambaa cheupe. Nilijifunza hili kwa shanga za rangi ya waridi zilizochuja juu ya leso nyeupe ya mteja, siku ya harusi ya bintiye. Leso niliilipa, na mteja simwoni tena.

Sasa chukua daftari. Andika tarehe, muuzaji, gramu zilizofaa kutumika, jumla ya fedha hadi mezani, na bei ya gramu moja. Risiti za kodi zibanike ukurasa huohuo. Karatasi ndiyo utakayoifungua mbele ya mteja anapokuuliza kwa nini kikuku ni ghali. Simu itakuwa imeisha chaji.

Mstari wangu wa oda hii unasomeka: Kijapani namba 11, gramu 300, Sh 18,762, Sh 62.50 kwa gramu. Kikuku kimoja kinakula gramu 12. Kwa bei ya skrini, shanga zake ni Sh 312. Kwa bei ya meza, ni Sh 750, kabla ya uzi, kifungo na saa tatu za macho yangu. Miezi minne ile nilikuwa nakiuza mia saba.